Vitafunwa vya asubuhi vyenye protini na visivyo na sukari, kwa aliyekwisha kuyakinai mayai

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kuelekea Kariakoo, unakunywa chai na maandazi matatu, na ikifika saa nne njaa inakurudia kana kwamba hukula kitu. Umesema pia kwamba daktari amekutaka upunguze sukari, kwamba kazini huna jokofu wala jiko, na kwamba mayai ya kuchemsha umekwisha kuyakinai. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe, maana mwaka 2021 nilipimwa sukari kabla sijala nikakutwa na 6.6, kiwango ambacho kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani bado si kisukari, kwa kuwa kisukari huanzia 7.0, lakini kimekwisha kuvuka mpaka wa kuanza kujihadhari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na chai. Nilipiga hesabu nikaona kwamba vikombe viwili vyenye vijiko vitatu vitatu vya sukari ni karibu gramu 24, wakati shirika hilohilo katika mwongozo wake wa 2015 linasema kwamba ni vyema zaidi mtu mzima asizidi takribani gramu 25 kwa siku nzima, nikaamua kuikata sukari yote siku moja na kubaki na maandazi yangu. Nilidumu siku tisa. Kila ilipofika saa nne nilikuwa nimesimama kwenye kioski nikinunua soda na keki, kwa hiyo sukari niliyoiokoa alfajiri niliirudisha yote kabla ya adhuhuri, pengine na ziada.

Baadaye nikageuza mpango: chai nikaiacha kama ilivyo, nikabadilisha kinachotafunwa. Hapo ndipo mambo yalipokaa sawa, kwa sababu mbili. Protini hukaa tumboni muda mrefu kuliko ngano nyeupe, hivyo saa nne ilipita bila mimi kuangalia kioski. Tena, kitafunwa chenye chumvi, kitunguu na pilipili hakipatani na chai tamu sana, na mkono wenyewe ulianza kupunguza vijiko. Kufikia wiki ya tano nilikuwa kwenye nusu kijiko, na sikumbuki kama nilijilazimisha. Kwa asubuhi moja mimi hulenga gramu 15 hadi 20 za protini. Mayai mawili hukupa kama 12, lakini kwa kuwa umeyachoka, tuyaweke kando.

Kitafunwa kilichonibeba ni bagia za kunde. Nasema za kunde kwa makusudi, kwa sababu bagia nyingi za mitaani hutengenezwa kwa unga wa dengu, na baadhi ya wauzaji huuongezea unga wa ngano ili ukolee na upungue gharama. Si vibaya kumuuliza mama anayekaanga. Mimi hutengeneza zangu Jumapili. Nusu kilo ya kunde kavu naziloweka tangu Jumamosi usiku, asubuhi nazipikicha kwa viganja ndani ya maji hadi maganda yaelee, nayamwaga, kisha narudia mara tatu au nne. Ganda moja moja likibaki si neno. Kazi iko kwenye kusaga: weka maji machache kadiri blenda itakavyokubali, kwa sababu rojo likiwa jepesi utashawishika kutia unga wa ngano, na hapo utakuwa umerudi kwenye andazi kwa mlango wa nyuma. Likishasagika, lipige kwa mwiko kama dakika kumi mpaka libadilike rangi na kuwa jeupe zaidi, kisha dondoshea tone kwenye kikombe cha maji. Likielea limeiva mkononi, likizama endelea kupiga. Ndipo utie kitunguu kilichokatwakatwa, pilipili, majani ya giligilani, na chumvi mwishoni kabisa.

Sizitumbukizi kwenye karai la mafuta. Natia mafuta ya kufunika tu sehemu ya chini ya kikaango, nachota kwa kijiko, nazibonyeza ziwe bapa, nazigeuza mara moja. Nusu kilo hunipa bagia 30 hivi, na kwa kuwa kunde kavu zina kama gramu 23 za protini katika kila gramu 100, kila bagia inabeba takribani gramu 4. Nne kwa asubuhi zinatosha. Zikae kwenye jokofu la nyumbani hadi siku tatu, alfajiri uzipashe, na usizifungie zikiwa za moto kwenye chombo cha plastiki, kwani hutoa jasho na kufikia Kariakoo zimelegea na kuanza kunuka uchachu. Zifunge kwenye karatasi kwanza. Nilijifunza hilo ndani ya daladala iliyojaa, na jirani yangu alijifunza pamoja nami.

Kwa siku ambazo hupiki, karanga za kukaanga ndizo rahisi kuliko zote: kiganja kimoja, yaani gramu 30 hivi, kina gramu 7 za protini na mafuta ya kutosha kukushibisha. Hapa nakuomba uwe mkali. Karanga huota ukungu wenye sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na kuzikaanga hakuiondoi yote. Mimi hununua mbichi, nazimwaga kwenye ungo, natupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizovunjika, kisha nakaanga mwenyewe. Ile mifuko midogo iliyokwisha kukaangwa nimeiacha, kwa sababu ikishaungua kidogo huwezi tena kujua ilikuwaje.

Dagaa hudharauliwa asubuhi, sijui kwa nini. Wa Mwanza ni nafuu lakini mara nyingi huanikwa mchangani, hivyo waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa hadi chini ya beseni pasibaki mchanga. Wa Kigoma ni ghali zaidi na ni watamu zaidi. Wakaushe, wakaange bila mafuta au kwa kijiko kimoja tu, nyunyizia limao na pilipili. Gramu 20 za dagaa wakavu zina zaidi ya gramu 10 za protini, nao hawahitaji jokofu. Ukiwala na kipande cha muhogo wa kuchemsha utafika saa saba.

Dengu za kuchemsha kisha kukaushwa kwenye kikaango na chumvi nazo zinafaa, ila ukiwa na ndugu Kenya kumbuka kwamba ukimtajia ndengu atakuletea choroko. Choroko pia si mbaya, lakini ni za kuliwa kwa kijiko, si kwa mkono ukiwa umesimama kwenye basi.

Siku za Ijumaa, nikiwahi kufika mjini, napita kwenye supu. Naomba nyama isiyo na mafuta, limao tele, na chapati moja badala ya mbili. Ni asubuhi yangu ninayoipenda kuliko zote, na sioni sababu ya kuionea haya.

Sasa jihadhari na vitu vinavyojifanya vya protini. Kashata ina karanga lakini inashikanishwa na sukari. Mkate wa mayai una mayai kweli, na sukari ya kutosha kuyasahau. Yogati zenye ladha ya vanila au stroberi nyingi zimetiwa sukari, wakati mtindi wa kawaida una ile ya asili ya maziwa tu, na kikombe chake kina protini gramu 8 hivi. Uji wa lishe nao usiuamini kwa jina: niliwahi kununua pakiti ambayo, niliposoma maandishi madogo mgongoni, mahindi yalitajwa kwanza, sukari ya pili, na soya ikaja mwishoni kabisa. Ukisagisha mwenyewe, hakikisha soya imechemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kupelekwa mashineni, kwani soya mbichi huzuia protini yake isimeng'enywe ipasavyo na husumbua tumbo.

Hukusema kama umeanzishiwa dawa. Ikiwa unatumia vidonge vya kushusha sukari au sindano ya insulini, mwambie daktari kabla hujaacha maandazi ghafla, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa wanga mwingi inaweza kukushusha kupita kiasi ukiwa njiani. Na kama figo zina tatizo, kiasi cha protini apange yeye, si mimi.

Kama ningekuwa wewe, Jumapili hii ningeanza na robo kilo tu ya kunde, ili mkono uzoee kupikicha na kupiga rojo, na kwa siku ambazo bagia zitakuwa zimekwisha ningeacha kopo la dagaa kwenye droo kazini.