Kabla ya kununua makreti ya nyenje, kubalianeni nani atashika fedha

Dada wa Masasi umeuliza kama kikundi chenu cha akina mama kinaweza kufuga nyenje kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani, na kama waume zenu watakubali. Nakujibu kwa niliyoyaona katika kikundi chetu huku Newala: anzeni, lakini kwanza kaeni na waume zenu mkubaliane nani atashika fedha za ziada itakayouzwa.

Huku kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa kula mdudu. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakaanza kutoka kichuguuni, akina mama na watoto ndio wanaokaa na taa na beseni la maji, wala hakuna mwanamume anayedai hesabu, kwa kuwa hicho ni kitoweo tu. Korosho zina utaratibu mwingine: hupelekwa chama cha msingi cha ushirika, na malipo huingia kwenye akaunti ya aliyesajiliwa, ambaye katika kaya nyingi ni baba, hata kama mama ndiye aliyepalilia na kuokota. Nyenje nao wakipata mnunuzi huweza kufuata njia hiyohiyo. Mwenzetu mmoja yalimkuta: mume wake, ambaye hajawahi kugusa kreti, aliwauza nyenje wote, na watoto wakarudi kwenye ugali wa muhogo na kisamvu kitupu. Tulimwita mjomba wa mama huyo, naye akazungumza na mkwe wake kwa upole, ndipo tukaafikiana kwamba kreti za chini ni za chungu cha nyumbani, za juu ni za kuuza, na fedha zinakaa kwenye sanduku la kikundi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya afya. Muhogo mchungu usiosindikwa vizuri, ukiliwa mfululizo katika kaya inayokosa protini, huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioripotiwa mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Nyenje mkavu ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake; ukimsaga, kijiko cha unga wake kinaingia kwenye uji wa mtoto bila yeye kukataa.

Kazi yenyewe si nzito. Kreti yenye trei za mayai za kujifichia, kitambaa cha chandarua juu yake, pumba, majani ya maboga, na pamba yenye maji vinatosha; msiweke maji ya wazi, kwa maana vifaranga wa nyenje huzama hata kwenye kisosi. Miguu ya meza ya kuwekea kreti isimame ndani ya makopo ya maji, la sivyo sisimizi watawamaliza usiku mmoja. Penye joto la nyuzi 30 hivi hukomaa kwa wiki 6 hadi 8. Msikate majani chini ya mikorosho iliyopuliziwa dawa, na anayedhurika na kamba wa baharini asiwale.

Mkigawana zamu, zingatieni pia maji: huku kwetu mwanamke tayari anabeba ndoo kutoka mbali, kwa hiyo kutafuta majani na kusafisha kreti wapewe wavulana na waume, na jambo hilo liandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na lile la fedha.