Kusema Unakokwenda kwa Kifaransa: Ushauri kwa Mnaoanza

Nilianza kujifunza Kifaransa nikiwa Mbeya kwa sababu ya Tunduma, ambako malori yaendayo Kongo kupitia Zambia hupanga foleni, na swali la kwanza nililotaka kuwauliza madereva wa Lubumbashi (ambao, kusema kweli, Kiswahili wanakijua, tena cha kwao) lilikuwa «Vous allez où?», yaani mnakwenda wapi. Kitenzi chenyewe, aller (kwenda), hakikunisumbua sana: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Kikaririni kwa sauti, mkikumbuka kwamba vas na va hutamkwa sawasawa, kisha mwendelee.

Tabu iko baada ya kitenzi. Sisi tumezoea kuongeza -ni tu, tukapata sokoni, shuleni na stesheni isiyohitaji hata hiyo -ni, bila nomino kutudai chochote. Kifaransa hutaka kwanza ujue kama nomino ni ya kiume au ya kike, kwa maana mbele ya nomino hukaa kineno kinachoifuata jinsia yake: le kwa ya kiume, la kwa ya kike, l' mbele ya irabu na les kwa wingi. Sasa à, ambayo ndiyo -ni yao, ikikutana na le huungana nayo ikawa au, ikikutana na les huwa aux, lakini mbele ya la na l' hubaki ilivyo. Anayekwenda soko la Mwanjelwa husema «je vais au marché», anayekwenda stesheni ya TAZARA husema «je vais à la gare», na mwanafunzi husema «je vais à l'école». Mimi nilisema «à le marché» kwa miezi kadhaa, hadi mfanyabiashara mmoja aliponisahihisha huku akicheka. Kanuni nilikuwa naijua. Tatizo ni kwamba nilikariri marché bila le yake. Kwa hiyo msiandike kamwe nomino peke yake daftarini.

Miji huchukua à: à Iringa, à Njombe. Msiiache, maana «naenda Iringa» ya kwetu itawavuta mseme «je vais Iringa». Kwa nchi, mipaka yetu ni darasa tosha: ukivuka Tunduma unakwenda en Zambie, ukivuka Kasumulu unakwenda au Malawi. Majina yanayoishia na e kwa kawaida ni ya kike na huchukua en, isipokuwa machache, na mojawapo ni jirani yetu mwingine: au Mozambique.

Penye watu, Kiswahili kinatubeba. Tunatofautisha «naenda hospitalini» na «naenda kwa daktari», na Kifaransa nacho hutofautisha vivyo hivyo: à l'hôpital, lakini chez le médecin. Kila mnapokwenda kwa mtu, awe shangazi au fundi cherehani, wekeni chez: chez ma tante, chez le tailleur.

Kuna pia y, inayoshika nafasi ya mahali palipokwisha kutajwa, kama katika «j'y vais», nakwenda huko. Hiyo inaweza kusubiri hadi au na à la zitoke mdomoni bila kuzifikiria.