Kuuliza kwa Kiingereza ukifika Kampala

Dada, umesema unatoka Goma kwenda Kampala kununua nguo za biashara, Kifaransa unacho, ila Kiingereza cha kuuliza njia na bei kinakukwama kooni. Kwanza kabisa, usiseme "I demand". Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunalivuta kutoka "demander", ambalo ni kuomba au kuuliza tu, kumbe kwa Kiingereza ni kudai kwa ukali. Mwenye duka atakukunjia uso bure.

Anza na "Excuse me" (samahani), halafu "Could you tell me" (unaweza kuniambia). Hapa ndipo wengi wanajikwaa. "Where is the taxi park?" (kituo cha taxi kiko wapi?) ni swali sahihi likisimama peke yake, lakini baada ya "Could you tell me" inakuwa "where the taxi park is". Hiyo "is" inasogea mwisho. Lirudie kwa sauti ukiwa unapika, mpaka ulimi uzoee. Na Kampala wakisema taxi, mara nyingi ni zile basi ndogo za abiria.

Bei ni rahisi: "How much is this?" Zikiwa nguo nyingi, "How much are these?" Kuuliza saa ya basi kuondoka: "What time does the bus leave?"

Usipoelewa jibu, tafadhali usiitikie tu kwa aibu, hasa pesa ikiwa mkononi. Sema "Could you say that again, please?" Ikishindikana, mpe kalamu na karatasi umwambie "Please write it down", uione bei kwa macho yako kabla hujatoa pesa.