Sentimita 4 za ziada, na majaribio yote yamepita

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nimerithi programu ya kusanifu mtambo wa umeme wa fyusheni (muungano wa viini vya atomi), aina ya tokamaki, yaani pete ya sumaku inayoshikilia plazma, gesi ya moto mno. Iliandikwa kwa Fortran, nami nimemaliza kuihamishia Python. Naiagiza itafute mtambo mdogo kabisa unaoweza kutoa megawati 500 za umeme halisi. Toleo la zamani linanipa nusukipenyo kikuu (kutoka katikati ya mtambo hadi katikati ya pete ya plazma) cha mita 8.90, langu jipya, kwa faili lile lile la data, linanipa mita 8.94. Kiboreshaji, yaani sehemu ya programu inayotafuta mtambo huo mdogo kabisa, kinafika mwisho bila kulalamika. Mwenzangu ananishauri nipanue tofauti inayoruhusiwa kwenye majaribio ya kulinganisha matoleo hayo hadi asilimia 1 ili yapite, kwa sababu hata mlinganyo wa muda wa plazma kuhifadhi joto unakosea kwa asilimia 15 hivi. Nimfuate?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Usipanue kitu mpaka ujue sentimita hizo 4 zimetoka wapi.

Hoja hiyo ya asilimia 15 ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana huletwa na watu waliosoma na husikika kama busara. Ni kweli kwamba mlinganyo huo wa muda wa kuhifadhi joto, uitwao IPB98(y,2), ambao karibu kila programu ya aina hii inautumia, ulipatikana kwa kuoanisha vipimo vya mashine nyingi, na unapishana na vipimo hivyo kwa kiasi kama hicho. Lakini huo ni upungufu wa ujuzi wetu kuhusu plazma. Unajulikana, unatajwa kwenye ripoti, na unaweza kuujaribu kwa kuongeza na kupunguza kigezo chake uone mtambo unabadilikaje. Sentimita zako 4 ni jambo jingine kabisa. Hizo ni tofauti kati ya programu mbili zinazodai kukokotoa milinganyo ile ile kwa data ile ile. Fizikia haimo humo. Mlinganyo mbovu ukiandikwa kwa lugha mbili unapaswa kutoa jibu bovu lile lile, karibu hadi tarakimu ya mwisho. Usipotoa, basi programu moja inafanya kazi usiyoijua, na usilolijua huwezi kulitaja kwenye ripoti.

Kwanza, zima kiboreshaji. Chukua vigeu vyote vya suluhisho la zamani, vifunge katika matoleo yote mawili, kisha endesha modeli mara moja tu bila kutafuta chochote. Linganisha kila tokeo, moduli kwa moduli: plazma, sumaku, blanketi (tabaka la kunasa nyutroni linaloizunguka plazma), mzunguko wa joto, gharama. Ukubwa wa tofauti utakuambia mengi kabla hujafungua msimbo.

Tofauti za kiwango cha 10⁻¹² kwa kawaida ni mpangilio wa kujumlisha tu. Kompyuta inayotumia biti 64 ikipewa 10¹⁶ + 1 − 10¹⁶ hujibu 0. Ikipewa 10¹⁶ − 10¹⁶ + 1 hujibu 1. Hizo ziache. Ukiona tofauti za kiwango cha 10⁻⁸, tafuta namba za desimali zilizoandikwa bila alama ya usahihi maradufu. Katika Fortran, 0.1 tupu huhifadhiwa kwa biti 32 na huwa 0.10000000149 hata ukiiweka kwenye kigeu cha biti 64, ilhali Python haina mchezo huo.

Tofauti kubwa kuliko hizo ndizo zenye hadithi. Tafuta kila mahali palipoandikwa `x**(1/3)`. Kwa Fortran, 1/3 ni mgawanyo wa namba kamili, na jibu lake ni 0, kwa hiyo x ya ukubwa wowote inageuka 1. Kwa Python utapata kipeuo cha tatu chenyewe: x ikiwa 8, jibu ni 2. Mstari unafanana herufi kwa herufi, maana yamepishana. Na angalia hapo mkosaji ni nani: ni toleo la zamani, lile unalolitumia kama hakimu. Ukipanua tofauti inayoruhusiwa, utakuwa umefukia kosa lililokuwapo miaka yote pamoja na sahihisho ulilolifanya bila kujua.

Kisha kuna hili la `integer :: n = 0` ndani ya subrutini. Fortran huipa n sifuri mara moja tu, mwanzoni mwa programu. Baada ya hapo n hubeba thamani yake kutoka mwito mmoja hadi mwingine. Aliyetafsiri kwa Python akaandika `n = 0` ndani ya funksheni, mwanzoni, n inaanza upya kila mara. Jaribio lake ni rahisi: ita modeli mara mbili mfululizo kwa data ile ile bila kuwasha programu upya. Jibu la pili likitofautiana na la kwanza, kuna kigeu kinachokumbuka yasiyomhusu. Kiboreshaji huita modeli hizo mara nyingi mno, kikisogeza kigeu kimoja kidogo sana ili kipime mteremko. Modeli yenye kumbukumbu ya siri inakipa mteremko wa uongo.

Modeli zikikubaliana zote, hapo ndipo umgeukie kiboreshaji. Tazama ni masharti gani yamebana, yaani yamefika kikomo chake, katika kila suluhisho. Ikiwa kwenye mita 8.90 kilichobana ni joto linaloangukia daivata (sehemu inayopokea joto na mabaki yanayotoka kwenye plazma), na kwenye 8.94 ni mkazo katika sumaku za toroidi, basi umetua katika mabonde mawili tofauti, yaani masuluhisho mawili, kila moja bora katika ujirani wake. Mbinu za kutafuta suluhisho za ukoo wa VMCON huchunguza karibu na pale zilipoanzia na huridhika na bonde la jirani. Anzia sehemu nyingi, ulinganishe.

Sasa niseme na hao wanaoniambia "lakini imefika mwisho bila tatizo". Kiboreshaji kufika mwisho maana yake ni kwamba masharti uliyoyaandika yametimia. Kuhusu yale uliyosahau kuyaandika, hakisemi neno. Kiko kama maji juu ya dari: penye ufa ndipo kitakapopitia. Katika IPB98(y,2) msongamano wa plazma huandikwa kwa kipimo cha 10¹⁹ kwa mita ya ujazo, na kipeo chake ni 0.41. Moduli ya jirani ikileta msongamano kwa kipimo cha 10¹⁸, namba inayoingia imekuzwa mara 10, na muda wa kuhifadhi joto unaruka mara 2.57 papo hapo. Kiboreshaji kitashukuru, kitapunguza mashine, kitafika mwisho vizuri kabisa. Nimeona kwamba kosa likiikuza mashine, kila mtu hulitafuta. Likiipunguza, huandaliwa wasilisho.

Na hiyo asilimia 1 si ndogo kama inavyosikika. Umeme halisi ni tofauti ya namba kubwa mbili. Mtambo ukizalisha megawati 1,000 na kujitumia 500, kosa la asilimia 1 kwenye uzalishaji ni megawati 10, yaani asilimia 2 ya unachouza. Tritiamu, hidrojeni nzito ambayo ni fueli ya mtambo, ni kali zaidi. Mtambo lazima uizalishe zaidi kuliko unavyoiunguza, kwani nusu yake huoza kila miaka 12.3 na kiasi kingine hunasa kwenye kuta na mabomba. Usanifu mwingi hulenga uwiano wa inayozalishwa kwa inayounguzwa wa kati ya 1.05 na 1.15. Ruhusu asilimia 1 hapa na 1 pale, uone kinachobaki.

Dawa nyingine ya mitaani ni kigezo cha kurekebisha: jibu halilingani na usanifu uliochapishwa, mtu anageuza 1.0 kuwa 1.07, basi, yamekwisha. Na siku hizi wapo wanaoikabidhi programu nzima kwa akili bandia, itafsiri yote kwa usiku mmoja. Itakuletea `x**(1/3)` imeandikwa kwa unadhifu mkubwa. PROCESS, programu ya kusanifu mitambo ya fyusheni ya shirika la UKAEA la Uingereza, nayo ilitoka Fortran kwenda Python, lakini kwa hatua, lugha zote mbili zikiishi ndani ya programu moja kwa muda mrefu, modeli baada ya modeli. Ni kazi ya kuchosha, na sijaona njia fupi yenye heshima.

Kwa hiyo usifute lile toleo la Fortran. Liache lijengeke na kuendeshwa. Kila utakapobadilisha majibu ya rejea, yale ambayo majaribio hulinganisha nayo, andika palepale sababu, na utenganishe badiliko hilo na mengine yote ili anayekuja baada yako alione. Ukikwama, nitumie jedwali la modeli zilizoendeshwa bila kiboreshaji. La mita 8.90 na 8.94 halinisaidii.