Jibu: Kamba za jahazi dogo la mbao

Ndugu, umeuliza kwa nini uzi wa kamba za jahazi lako la mfano una manyoya na mlingoti unazidi kuinama mbele ukipandisha tanga. Manyoya ni kazi ndogo: uvute uzi mara kadhaa juu ya kipande cha nta ya nyuki, yatalala.

Mlingoti ndio wenye kesi. Kuinamia mbele ni sawa, majahazi ndivyo yalivyo, ila wewe jarari, kamba ya kupandishia tanga, umeifunga kwenye mlingoti wenyewe. Ishushe nyuma, toboa tundu sitahani upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, uifunge huko. Hiyo ndiyo inayouvuta usianguke na foromali yake, ule mti unaobeba tanga. Demani, kamba ya kuongozea tanga, iache ilegee kidogo, tanga lililokazwa kama ngoma halipendezi. Mafundo yatie gundi nyeupe iliyozimuliwa, mikia ukate kesho yake.