Jenereta mbili za desibeli 80 hazifikishi 160

Ukidhani jenereta mbili za desibeli 80 kila moja (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zikiwaka pamoja zinatoa 160, hapana ndugu. Ukipima ulipo utapata 83 tu. Desibeli hufuata logi, yaani nguvu ya sauti ikizidishwa mara kumi, namba hupanda kwa 10 tu, kwa hiyo kinachojumlishwa ni nguvu ya sauti, si zile namba. Nguvu ikiongezeka maradufu, kipimo kinapanda kama desibeli 3. Kufika 90 unahitaji jenereta kumi! Ukiongeza ya 70 kando ya ile ya 80, unapata 80.4, sikio halitambui. Ndiyo maana majirani wakilalamika, shughulikia kwanza ile yenye kelele kuliko zote. Spika mbili zenye sauti ileile ni jambo jingine: mawimbi yakioana kabisa, huongeza hadi desibeli 6. Usizidharau hizo desibeli 3 za jenereta ya pili lakini, ni nishati maradufu inayoingia masikioni mwako.