Miksi Hupigwa Nyuma ya Pazia: Kwa Dijei Anayeanza Kurekodi

Kazi yangu ya kwanza yenye malipo ya maana ilikuwa kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake, huko Kisauni, Mombasa. Ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu, nami ni mwanamume, basi meza yangu ikawekwa barazani, likateremshwa pazia zito la kijani, nikaambiwa piga. Simwoni mtu. Ninachopata ni vigelegele, vishindo vya miguu, viti vikivutwa, na harufu ya udi ikipenya chini ya pazia. Nikaanza na chakacha, nikaingia taarabu ya kinanda, mambo yakaiva. Kisha, kwa ujana tu, nikabandika singeli ghafla kwa kasi yake yote. Vigelegele vikakatika. Nikasikia viti: wanakaa. Pazia likainuliwa kidogo, shangazi mmoja akatia kichwa.

"Mwanangu," akasema, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "umetuwekea muziki au umetuwashia mashine ya kusaga?"

Nakusimulia haya, mdogo wangu, kwa sababu siku utakayokaa kurekodi miksi ya watu kusikiliza majumbani mwao, utakuwa nyuma ya pazia lile lile, na safari hii hata viti huvisikii. Msikilizaji yuko jikoni, au garini, au yuko zamu ya usiku mahali fulani. Akichoka hakuji kukwambia. Anabonyeza tu.

Miksi ya kuchanganya kila namna ina sifa mbaya kwa madijei wa hapa kwetu. Utaambiwa chagua moja: ya rege, ya rumba, ya zilizopendwa, ya bongo fleva, kisha uiandike hivyo juu ili mteja ajue anachonunua. Kwa biashara ya matatu ushauri huo ni mzuri na mimi mwenyewe umenilisha miaka. Lakini miksi ninazozirudia mpaka leo si hizo. Ninazozirudia ni zile ambazo, wimbo unapokaribia kwisha, sijui kabisa kinachokuja, na kikija nasema, ah, kumbe! Hiyo "kumbe" ndiyo utamu wenyewe. Ukikosekana mshangao, umebaki na orodha. Ukikosekana ule uhusiano unaougundua baadaye kidogo, umebaki na fujo, na shangazi wa Kisauni anakuja kukuuliza habari za unga.

Aliyenifungua masikio ni kaka mmoja wa Mji wa Kale aliyekuwa baharia. Alirudi na sidii ya kunakili, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ilikuwa miksi ya Coldcut, yaani Matt Black na Jonathan More wa London, iliyotoka 1995. Jina lake lilitaja dakika 70 za wazimu, na sikuona uongo. Humo ndani mna hip hop, mna ngoma za jungle zinazokimbia, anaingia Junior Reid na rege yake, anapita Harold Budd na utulivu wake, na katikati mtu anahutubia tu, hana wimbo. Mara ya kwanza niliizima baada ya robo saa. Nikamrudishia kaka. Akakataa kuipokea.

"Nenda na daftari," akaniambia. "Chora safu tatu. Ya kwanza, dakika unaposikia wimbo mpya unaingia. Ya pili, dakika wa zamani unapotoka. Ya tatu, andika nini kimevuka."

Safu mbili za kwanza ni za kuhesabu tu, mtoto anaweza. Ya tatu ilinichukua wiki nzima. Kati ya nyimbo mbili zisizojuana hata kidogo, kuna kitu kinashikwa mkono na kuvushwa: pengine ni sauti ya ngoma moja, pengine mwangwi, pengine noti ya besi ambayo nyimbo zote mbili zinaitumia, pengine neno. Nilipojaza kurasa nne nikaelewa kwamba wale jamaa hawakuwa wakirusha nyimbo ovyo. Zoezi hili lifanye kabla hujanunua kifaa kingine chochote. Daftari ni bei rahisi.

Na usiichague miksi moja tu ya kuchorea. Kuna mfululizo wa DJ-Kicks, wa kampuni ya !K7 ya Berlin, ulioanza 1995 na kila toleo hupewa mtu mwingine. Unasikia jinsi nyumba ile ile inavyobadilika kwa mwenyeji. Kuna ile ya John Peel, mtangazaji wa BBC, aliyoifanya 2002 katika mfululizo wa klabu ya Fabric ya London. Mzee yule hakuwa fundi wa kulinganisha mapigo wala hakujifanya. Alitia mpaka sauti za mpira wa Liverpool, timu yake. Nyimbo nyingine zimefuatana bila kugusana. Lakini unajua toka dakika ya kwanza uko kwa nani. Sisemi umwige, maana yeye alikuwa na miaka mingi redioni nyuma yake na watu walishamwamini. Wewe bado.

Sasa turudi kwa ile singeli yangu, kwani kosa halikuwa singeli.

Singeli imetoka katika mchiriku wa Dar es Salaam, na mchiriku ni muziki wa vinanda vidogo vya Casio, spika chakavu na ngoma. Watengenezaji wa singeli wamezoea kuchukua kipande cha taarabu, wakakikimbiza. Kwa hiyo kinanda kilikuwa ndiyo ndugu wa pande zote mbili, kilikuwepo pale pale mkononi mwangu, nami nikakipita. Harusi iliyofuata nilifanya hivi: nikangoja taarabu ifike mahali mwimbaji amenyamaza na kinanda kiko peke yake, nikapunguza besi mpaka ikabaki nyembamba, nikaingiza singeli ambayo nayo inaanzia kwenye kinanda, bila ngoma. Kwa sekunde kama kumi hivi vinanda viwili vilizungumza. Ngoma ilipoangukia, nyuma ya pazia palilipuka. Nyimbo zilikuwa zile zile za Kisauni.

Njia ya pili ni hesabu, nayo haina siri. Singeli nyingi hukimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, nyingine hukaribia 300. Amapiano ya Afrika Kusini hutembea kati ya 110 na 115. Ukizitazama tarakimu hizo kwenye skrini utasema haziwezi kukaa chumba kimoja. Chukua singeli ya 224, ihesabu nusu yake: 112. Mguu wa msikilizaji unaendelea na hatua ile ile ya amapiano, huku juu yake mikono inakimbia maradufu. Hajui kasi imebadilika saa ngapi. Programu yako pengine itaandika 112 au 224 kwa kubahatisha, basi usiiamini, piga meza kwa kidole uhesabu mwenyewe.

Programu hizi zitakuangusha hasa ukifika kwenye bendi za zamani, na dijei anayetaka miksi ya kila namna bila shaka atafika huko. Zile rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam, au za Nairobi za miaka ya 1970, zilipigwa na watu waliokaa chumba kimoja bila saa ya kuwahesabia. Mpiga tumba akipata moto, wote wanapanda naye. Wimbo unaoanza taratibu unafika mwisho umekaza mwendo, na ile mistari iliyonyooka ambayo kompyuta imekuchorea kuonyesha mapigo inaachana na ngoma kabla hujageuka. Wapo wanaoikata mistari vipande vipande ili wimbo unyooke. Nimejaribu, unanyooka kweli, na unakufa. Mimi huweka mkono juu ya sahani ya kontrola, ile meza ya kuchanganyia nyimbo, na kuusukuma wimbo wa kisasa ufuate bendi, si bendi ifuate wimbo wa kisasa, na sikai nazo mbili pamoja kwa muda mrefu. Hatua nane zinatosha, kisha mmoja atoke kwa heshima.

Na tafadhali, usikate rumba kabla ya sebene, ile sehemu ya mwisho ya magitaa na kucheza. Nasikia miksi za vijana zinazochukua maneno ya mwanzo, dakika mbili, halafu hao, wameshahamia kwingine. Ule uimbaji wote ulikuwa ukitayarisha magitaa yaje. Ni kumkaribisha mgeni, ukammiminia chai, kisha ukaondoa vikombe mahamri yakiwa bado jikoni. Kama nafasi ni ndogo, anzia karibu na mwisho wa maneno.

Lingine ambalo litawakera baadhi yenu ni jina lako. Ndani ya matatu, kutaja jina kila nusu dakika kunaeleweka: dereva atabadilisha flashi wakati wowote na wewe unatafuta kazi ya wikendi. Katika miksi ya kusikiliza, litaje mwanzoni, ukitaka mara moja katikati, inatosha. Nilipoiondoa sauti yangu nilipata nafasi ya kusikia makosa niliyokuwa nikiyafunika nayo.

Urefu pia. Sidii ya kawaida ilichukua dakika 74, baadaye 80, na ufinyu huo uliwafaa sana wale wa zamani: kila wimbo ulioingia ulimtoa mwingine. Leo naletewa faili la saa nne, "bila kusimama", na nikimwuliza kijana wimbo wa saa ya tatu uko pale kwa nini, ananitazama. Jiwekee saa moja na dakika chache.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi. Leseni ya kupiga muziki ukumbini si ruhusa ya kutoa rekodi yenye nyimbo za watu. Ndugu wawili wa Ubelgiji, David na Stephen Dewaele, wanaojiita 2manydjs, walitoa miksi yao 2002, ile iliyomkutanisha Dolly Parton na Röyksopp wa Norwe. Waliomba nyimbo 187. Walikubaliwa 114, wakakataliwa 62, na 11 hawakumpata hata mwenyewe. Hao walikuwa na kampuni iliyowaandikia barua. Wewe anza na wasanii unaoweza kuwapigia simu, na uliowauliza kwa maandishi. Miksi yangu moja iliondolewa mtandaoni asubuhi ile ile niliyoiweka, kwa ajili ya sekunde arobaini tu.

Mwaka jana nilipanda tuktuk kutoka Nyali. Tumefika darajani nikasikia kitu nakijua: miksi yangu, haina jina, imetoka kwenye flashi isiyojulikana imepita mikono mingapi. Nikanyamaza. Dereva alikuwa akigonga usukani vizuri kabisa, taarabu ikaingia, kinanda kikabaki peke yake, akaongeza sauti. Moyo wangu! Baada ya hapo inakuja sehemu niliyoihangaikia kuliko zote, rumba ya zamani inayoshuka polepole ndani ya rege, siku tatu za kazi. Akanyoosha kidole, akairusha mbele.

"Hapa huwa panazubaa," akanieleza, kama kuniomba radhi.

Nilishuka Buxton, nikamlipa, sikujitambulisha. Usiku ule nikafungua faili, nikachora safu tatu.